Fedha Zilitimia, Tarehe Ilikuwa Imepita: Uchambuzi wa Kisa cha Mwanafunzi wa Bukavu

Mwezi wa Aprili 2024, siku ya kwanza ya mitihani ya muhula wa kwanza, binti wa miaka 19 alisimamishwa mlangoni mwa ukumbi wa mtihani katika chuo kimoja cha mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo (DRC). Msimamizi aliitazama karatasi yake ya kujiandikisha, akauona muhuri wa malipo ya sehemu ya kwanza, akautafuta wa sehemu ya pili asiuone, kisha akamwomba asogee kando ili wenzake wapite. Nitamwita Furaha, ingawa hilo si jina lake, na chuo sitakitaja. Familia yake imeniruhusu kukiandika kisa hiki kwa sababu yaliyowapata yanawapata majirani wao wengi wa Kadutu, mtaa wa Bukavu, kila mwaka pasipo mtu kuyazungumza, na pia kwa sababu mama yake alikuwa na daftari. Daftari hilo lilituonyesha kwa tarakimu jambo ambalo kwa kawaida tunalifunika kwa neno moja, umaskini, tukadhani tumekwisha kulieleza.

Siandiki kama mtu aliyetazama kwa mbali. Nilikuwa mkurugenzi wa masomo katika shule ambako Furaha alimalizia sekondari, na ni mimi niliyemwambia baba yake kwamba mtoto huyu ana kichwa cha kusomea udaktari. Nilisema kweli, lakini nilisema nusu tu ya kile ambacho mzazi alihitaji kusikia.

Baba Furaha ni mwalimu wa shule ya msingi. Mama Furaha anauza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, katika soko la Kadutu. Wana watoto sita. Wa kwanza, Baraka, aliacha shule akiwa mwaka wa nne wa sekondari na sasa anaendesha pikipiki ya abiria. Furaha ni wa pili. Wawili wanaofuata wako sekondari na wawili wa mwisho wako shule ya msingi. Mpango huo wa watoto una maana yake katika hesabu. Tangu Septemba 2019 shule za msingi za serikali hazitozi karo, jambo ambalo Katiba ya 2006 ilikuwa imekwisha kuliahidi, na familia hii ilipata nafuu ya kweli kwa wale wadogo wawili. Sekondari inaendelea kulipiwa. Kwa hiyo mwaka Furaha alipoingia chuoni, wazazi walikuwa wakiwalipia watoto watatu kwa wakati mmoja, na karo za wale wawili wa sekondari hazikusubiri za chuo.

Matokeo ya mtihani wa taifa ya 2023 yalimkuta Furaha akiwa sokoni na mama yake. Ujumbe uliingia kwenye simu ya Baraka: asilimia 68, sehemu ya biolojia na kemia. Anayeujua mji huu anajua kilichofuata. Wanawake wa meza za jirani waliacha samaki wao, mmoja akanunua kopo la poda, na kabla ya saa kupita binti alikuwa mweupe kuanzia nywele hadi mabega, akiongozwa kwa nyimbo kupanda njia ya kwenda nyumbani. Mama yake aliniambia baadaye kwamba hakuipangusa poda iliyoangukia kwenye kitenge chake hadi siku iliyofuata.

Kwamba Furaha alitaka tiba, hilo halikumshangaza mtu. Watoto wa Bukavu wamekua wakilisikia jina la daktari Denis Mukwege, aliyeanzisha Hospitali ya Panzi mwaka 1999 na kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, na kwa wasichana wengi wa darasa lake ndoto hiyo ina sura na ina mtaa. Lakini ni safari ndefu. Daktari mwenyewe alisomea tiba nchini Burundi, kisha akaenda Ufaransa kwa ajili ya ubingwa. Na kwa mtoto anayeanza leo hapa nyumbani, tiba ni miaka isiyopungua 6, wakati wenzake wa vitivo vingine wanamaliza shahada ya kwanza kwa miaka 3 katika mfumo wa LMD (shahada ya kwanza, ya uzamili na ya udaktari wa falsafa), ambao vyuo vyetu vilianza kuufuata mwaka wa masomo 2021-2022.

Wiki mbili baada ya matokeo, Jumapili mchana, ukoo ulikutana. Kikao hicho ndicho ninachokiona kuwa kitovu cha kisa chote, kuliko hata siku ya mlango wa mtihani, na nitakaa nacho kidogo.

Alikuwepo shangazi, dada mkubwa wa baba. Alikuwepo mjomba, kaka wa mama, anayefanya biashara ndogo huko Uvira. Alikuwepo pia baba mdogo, aliyesafiri kutoka Kamituga, mji wa dhahabu ulio kilomita zipatazo 180 kutoka Bukavu kwa barabara ambayo wakati wa mvua huwalaza abiria njiani. Baba mdogo ana sehemu katika shimo la dhahabu. Kule wenye mashimo huitwa PDG, kama wakuu wa makampuni, na jina hilo lilimfuata hadi sebuleni. Mimi nilialikwa kama mwalimu. Furaha alikuwa jikoni na wadogo zake, akipika.

Shangazi ndiye aliyeanza. Alipendekeza binti aende chuo cha ufundi wa tiba akasomee uuguzi, au chuo cha ualimu, amalize mapema. Akauliza, "Mtoto wa kike miaka sita chuoni, mtamwoza lini?" Wanaume walinung'unika, Baba Furaha akasema kwamba binti yake hakuzaliwa ili awe mahari, na hoja ya shangazi ikafia hapo. Ndipo baba mdogo akasimama. Alisema, "Kwani mimi nimekufa? Huyu ni mwanangu. Atasomea udaktari, na mambo ya gharama niachieni." Mjomba naye akasema hatakosa kuweka mkono wake. Tulipiga makofi. Mama Furaha alilia. Chakula kikaletwa.

Nimelirudia tukio hilo kichwani mara nyingi. Baba mdogo hakudanganya. Alikuwa na nia, na kama nitakavyoonyesha, fedha alizitoa. Mjomba naye alitoa. Tatizo ni kwamba katika chumba kile hakuna aliyeuliza ni kiasi gani na ni lini, na hakuna aliyeuliza kwa sababu kwetu kumuuliza hivyo mtu anayejitolea ni kumvunjia heshima. Anayekusaidia hadaiwi. Ahadi ya mkubwa hupokelewa kwa mikono miwili na kushukuriwa. Anayetaka kuipima anaonekana ana shaka na mwenye kuitoa. Adabu hiyo imetulea na siidharau. Imejengwa kwa ajili ya misiba, harusi na wagonjwa, mambo ambayo kila mtu hufika na alichonacho siku anapofika, na kinatosha. Chuo hakiendi hivyo. Kina tarehe iliyobandikwa ukutani, na karani hajui kama baba mdogo ni mtu wa neno lake au la.

Kuhusu shangazi, sikubaliani na sababu yake, na nafurahi kwamba binti hakutolewa kwenye udaktari kwa ajili ya ndoa. Hata hivyo katika watu wazima wote tuliokuwa pale, mimi nikiwemo, yeye peke yake ndiye aliyeuliza juu ya muda. Tulimnyamazisha kwa sababu ya hoja yake ya ndoa, tukalitupa pia swali lake la miaka sita, ambalo lilistahili jibu.

Yaliyofuata yalienda haraka. Faili la kujiandikisha lilitaka bulletini, yaani ripoti za alama, za miaka ya mwisho ya sekondari, cheti cha kuzaliwa, cheti cha tabia njema, cheti cha afya, picha za pasipoti, na kwa kuwa diploma yenyewe ya taifa huchelewa kufika, hati ya muda ya kuthibitisha kwamba amefaulu. Kila karatasi ilikuwa na ofisi yake na kila ofisi ilikuwa na bei yake. Katika daftari la Mama Furaha, faili lilimaliza dola 35.

Ada ya mwaka ilikuwa dola 450 kwa sehemu tatu: 200, 150 na 100. Kiwango hicho ndicho familia ilichokuwa imekijua tangu mwanzo na ndicho kilichokuwa kikitajwa kila mara. Hakuna aliyetaja silabusi na nakala za fotokopi, ambazo zilifika dola 60 kwa mwaka, wala blauzi nyeupe, lile koti la maabara, na vifaa vyake, dola 25, wala ada ya kujiandikisha kwa kila sesheni, yaani duru, ya mitihani, dola 10 mara mbili. Kwa jumla mwaka wa kwanza ulihitaji dola 590, ukiacha nauli na chakula cha mchana, ambacho mara nyingi kilikuwa mhogo wa kuchoma au hakikuwepo.

Jambo jingine lilikuwa likiila akiba polepole. Chuo kinahesabu kwa dola, mwalimu analipwa kwa franka za Kongo. Baba Furaha alikuwa ameanza kuweka akiba mapema, tangu Januari 2023, wakati binti bado yuko darasani, na hilo ni jambo la kusifiwa. Dola moja wakati huo ilikuwa kama franka 2,000. Alipofikisha franka 200,000 alijua ana dola 100. Ilipofika Oktoba, siku ya kubadilisha, dola ilikuwa karibu 2,500, na noti zile zile alizokuwa amezifunga kwa mpira zilimpatia dola 80. Hakuibiwa na mtu, hakutumia hata franka moja, lakini dola 20 zilikuwa zimekwenda. Mwaka 2024 dola ilifika kama 2,800. Ada ile ile ya dola 450, ambayo mwanzoni mwa 2023 ingekuwa franka 900,000, sasa ilikuwa 1,260,000, na mshahara wa mwalimu haukupanda kwa kasi hiyo.

Hata hivyo kushuka kwa franka hakutoshi kueleza kilichotokea. Baada ya mambo kuharibika, tulikaa na daftari tukajumlisha kila kilichoingia kwa ajili ya masomo ya Furaha mwaka ule mzima. Baba alitoa dola 150, mama 180, Baraka 110, mjomba 50, baba mdogo 120. Jumla ni dola 610. Mahitaji yalikuwa 590. Nilijumlisha mara mbili, kisha nikampa Baraka ajumlishe. Familia iliyokuwa ikijiona imeshindwa kumsomesha mtoto ilikuwa, kwa kipimo cha mwaka mzima, imetoa zaidi ya kilichohitajika.

Sasa tazama tarehe. Kufikia katikati ya Aprili 2024, siku ya mwisho ya kulipa sehemu ya pili, zilihitajika dola 480: faili, blauzi na vifaa, silabusi, sesheni ya kwanza, na sehemu mbili za ada. Zilikuwa zimeingia 385. Zilipungua 95. Dola 120 za baba mdogo zilifika Julai, wiki kumi na moja baada ya mtihani.

Kwa nini Julai? Kwa sababu mvua huanza Septemba na kuendelea hadi Mei, na katika miezi hiyo mashimo ya Kamituga hujaa maji. Fedha nyingi za PDG mdogo kama yeye huja kiangazi, mashimo yanapokauka. Aliahidi Agosti, mfukoni mwake mkiwa na fedha za kiangazi, na alitakiwa kutoa Aprili, katikati ya matope. Mama Furaha naye ana kalenda yake, ambayo ni ya mwezi wa angani: wavuvi wa Kivu huvua sambaza usiku kwa taa, na mbalamwezi ikijaa samaki hawakusanyiki kwenye taa, kwa hiyo kila mwezi kuna siku kadhaa ambazo beseni lake linarudi karibu tupu. Akiba yake kubwa iko katika AVEC, kikundi cha akina mama wanaoweka na kukopeshana, wenye sanduku la kufuli tatu ambalo haliwezi kufunguliwa mpaka wenye funguo wote watatu wawepo. Kikundi kiligawana Desemba, na mgawo huo ndio uliosaidia kumaliza sehemu ya kwanza mwezi wa Januari. Mzunguko mpya ulianza Februari, na kwa kanuni zao mikopo haitolewi miezi mitatu ya mwanzo. Aprili ilikuta sanduku limefungwa. Baba alipokea mshahara, lakini karo za sekondari ziliutangulia. Baraka peke yake ndiye aliyekuwa akipata kila siku, kidogo kidogo.

Ukiziweka kalenda hizo zote juu ya meza moja, unaona kwamba Aprili ilikuwa shimo ambalo lingeonekana tangu Agosti iliyotangulia, kama kungekuwa na mtu wa kulitazama. Mimi nilikuwa mtu huyo. Nimefundisha miaka mingi katika mji huu na ninazijua mvua za Kamituga na mbalamwezi ya sambaza kama mtu mwingine yeyote. Nilizungumza juu ya kichwa cha mtoto, sikuzungumza juu ya Aprili.

Baada ya kurudishwa mlangoni, Furaha hakumwambia mtu. Siku tisa mfululizo aliamka alfajiri, akavaa, akabeba mkoba, akaaga. Alikwenda kukaa kanisani, au kwa rafiki yake wa Nyawera, akirudi saa ambazo mitihani ilikuwa ikiisha. Baba alimuuliza jioni mtihani ulikuwaje, akajibu kwamba ulikuwa mgumu lakini amejitahidi. Aliyegundua ni mama, na aligundua kwa viatu. Wiki ile mvua ilinyesha kila siku. Njia ya kwenda chuoni inapita kwenye mteremko wa udongo mwekundu ambao hakuna mtu anayeupita wakati wa mvua akabaki msafi, na viatu vya Furaha vilikaa karibu na mlango vikiwa na vumbi tu pembeni. Mama alivishika, akavigeuza akatazama soli, akavirudisha mahali pake. Usiku, wengine walipolala, aliketi kando ya binti yake na kumuuliza, "Miguu yako inapita wapi, mwanangu?"

Nilipokuja kuzungumza na Furaha mwenyewe nilimuuliza kwa nini hakusema mapema, kwa kuwa tangu Februari alijua hesabu haitatimia. Jibu lake lilinifundisha kuliko tarakimu zote. Alisema, "Mwalimu, ningesema nini? Baba mdogo alikuwa ameahidi mbele ya watu wote. Kama ningesema fedha hazijafika, ningekuwa ninamshitaki." Alikuwa akimlinda mzee wake. Alikuwa akiilinda pia heshima ya baba yake, ambaye kwa sababu hiyo hiyo hakumpigia ndugu yake simu hata mara moja kuanzia Novemba hadi Aprili, akisubiri akumbuke mwenyewe. Na kule Kamituga, baba mdogo, aliyekuwa na shimo lililojaa maji na aibu yake, alinyamaza akidhani kwamba kwa kuwa hakuna anayempigia, bila shaka mambo yamepatikana kwingine. Watu watatu wanaopendana walikaa kimya miezi sita, kila mmoja kwa heshima ya mwenzake.

Tulianza na chuo. Nilikwenda na Baba Furaha kwenye ofisi ya kitivo tukiwa na barua. Tulipokelewa vizuri, na tukaambiwa kwamba sesheni iliyopita haiwezi kurudiwa kwa mtu mmoja, ila akikamilisha malipo atafanya masomo yote katika sesheni ya pili. Maana yake ni kwamba mitihani ambayo wenzake walikuwa na nafasi mbili za kuifanya, yeye alikuwa na moja. Tuliuliza pia jambo ambalo tulipaswa kuliuliza mwaka mmoja kabla: je, mzazi anaweza kuandika barua ya ahadi ya malipo yenye tarehe zake mwenyewe? Tuliambiwa kwamba inawezekana, ikiletwa mwanzoni mwa mwaka, kabla ya deni kuwepo. Wazazi wengi hawalijui hilo kwa sababu wanafika ofisini wakati tayari wameshachelewa, na aliyechelewa huomba huruma, wala hapangi masharti. Ninawasihi wazazi wenye watoto wanaoanza: nendeni mapema, mkiwa bado hamdaiwi kitu, muulize kama chuo chenu kinapokea barua ya namna hiyo.

Mtu anaweza kuuliza kuhusu bursa. Wazee waliosoma enzi za Zaire wanaikumbuka bursa ya serikali, na baadhi yao bado wanazungumza kana kwamba ipo. Leo zipo programu za ufadhili kama Excellentia, ya wakfu wa mke wa Rais, Denise Nyakeru Tshisekedi, lakini inawachukua walioshika nafasi za juu kabisa katika mtihani wa taifa. Asilimia 68 ni alama nzuri iliyopatikana kwa jasho, na haifiki huko. Mtoto wa namna ya Furaha, mwenye akili ya kutosha kufaulu na asiye na alama za kung'aa nchi nzima, anasomeshwa na ukoo wake au hasomi.

Kikao cha pili kilifanyika mwishoni mwa Mei, na safari hii Furaha aliketi sebuleni. Hilo lilikuwa sharti langu la pekee. Mjomba alikuwa kwenye simu, baba mdogo pia, mtandao ukikatika na kurudi. Baba Furaha alizungumza na mdogo wake kwa namna ambayo niliona inamgharimu: hakulalamika, alimsomea tu daftari, mstari kwa mstari, mahitaji upande mmoja na yaliyoingia upande mwingine. Kimya kilikuwa kirefu hata tukadhani simu imekatika. Kisha baba mdogo akasema, "Kaka, mimi Aprili sina kitu, hata ungeniua. Niambie kiangazi unataka nini." Sentensi hiyo, kama ingesemwa Agosti 2023, isingekuwepo habari ya kuandika.

Mpango uliotoka hapo haukuwa na ustadi wowote mkubwa. Fedha za baba mdogo zitakuja Julai na Agosti, na zitalipia sehemu ya kwanza ya mwaka unaofuata kabla masomo hayajaanza. Mgawo wa AVEC wa Desemba utawekwa kwa ajili ya sehemu ya pili, usiguswe. Baraka atabadilisha franka zake kuwa dola kila Jumamosi, hata kama ni dola tatu, asingoje ziwe nyingi. Mjomba alichagua Machi mwenyewe. Na kila mmoja ataandika kiasi chake na tarehe yake kwa mkono wake katika daftari la Mama Furaha, au atamsomea Furaha kwa simu aandike. Shangazi, ambaye hakuwa ameahidi kitu 2023, aliandika dola 15.

Zile dola 120 za Julai zilimaliza deni. Furaha aliingia sesheni ya pili na mzigo wa mihula miwili, akapata krediti 48 kati ya 60, akapandishwa mwaka wa pili akiwa na deni la masomo yenye krediti 12, yaani masomo ambayo hakuyafaulu na alipaswa kuyafanya tena. Anatomia ilikuwa mojawapo, somo alilolipenda kuliko yote, na lilimuuma. Ninaamini kabisa kwamba angelifaulu kama angekuwa na nafasi mbili.

Mwaka wa pili ulianza vizuri kuliko wa kwanza. Barua ya ahadi ya malipo ilipokelewa, sehemu ya kwanza ililipwa mapema, na Januari 2025 Baba Furaha, akitaka mgawo wa Desemba uwe salama, aliweka dola 110 benki. Katikati ya Februari mji uliingia mikononi mwa waasi wa AFC/M23. Mabenki yalifungwa. Fedha zilikuwepo kwenye akaunti, na karatasi ya benki ilithibitisha hivyo, lakini hapakuwa na dirisha la kuzitolea. Mshahara wa mwalimu ulikwama kwa njia hiyo hiyo. Mawakala wa fedha kwa simu walipandisha makato kwa sababu noti zilikuwa haba, abiria wa Baraka walipungua, na masomo yalisimama kabla ya kurudi polepole. Hakuna daftari linaloweza kuzuia jambo la namna hiyo, na sitaki msomaji adhani kwamba mpango mzuri unaishinda vita. Nilichokiona ni tofauti moja: safari hii hakuna aliyenyamaza. Wiki mabenki yalipofungwa, Furaha mwenyewe aliandika barua kwa kitivo kueleza fedha ziko wapi na kwa nini haziwezi kutoka, akaambatisha karatasi ya benki. Chuo kilisogeza mitihani kwa wanafunzi wote na kukubali malipo yake kwa vipande. Aliifanya mitihani ya muhula wa kwanza pamoja na wenzake, na anatomia akailipa.

Baba mdogo alifika Bukavu Agosti 2025, amekonda, na kiangazi chake hakikuwa kizuri. Mama Furaha alimpa chakula kwanza, kisha akaleta daftari. Pembeni mwa kurasa alikuwa amechora viduara vidogo kuonyesha siku za mbalamwezi. Baba mdogo alichukua kalamu, akafikiri, akaandika: dola 60, kabla ya mwisho wa mwezi huu, dola 40 nyingine Septemba, nikiweza. Akatia sahihi. Furaha aliusoma mstari huo kwa sauti, kisha akamtazama na kumuuliza kwa upole, "Baba mdogo, na usipoweza, utanijulisha lini?" Mzee aliichukua kalamu tena, na chini ya sahihi yake akaongeza: tarehe 10.